Jinsi ya Kusimulia Upya Visa vya Kale vya Kihindu: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi

Wengi wanaojaribu kusimulia upya visa vya Kihindu huanzia pabaya. Humpa shujaa Arjuna bunduki mahali pa upinde, humtia mungu Krishna simu mkononi, kisha wakadhani kisa kimekuwa kipya. Kilichobadilika ni mavazi tu. Mwongozo huu unafuata njia ya washairi wa India wenyewe, njia iliyotumika kwa zaidi ya miaka 1,500: tafuta swali ambalo masimulizi ya kale yameliacha wazi, badilisha jambo moja, halafu ukubali matokeo yake yote hadi mwisho. Si lazima uwe Mhindu wala msomi wa Kisanskriti. Unahitaji uvumilivu wa kusoma kabla ya kuandika.

Hatua ya 1: Chukua kisa, usichukue epiki nzima

Mahabharata ina vitabu 18 na, kwa hesabu ya jadi, beti zipatazo 100,000. Ramayana ya Valmiki ina vitabu 7 na beti 24,000. Ukisema unaandika upya Mahabharata, utachoka kabla vita havijaanza. Chagua kisa unachoweza kumsimulia mtu kwa mdomo kwa dakika tano bila kurudi nyuma kueleza.

Viko vingi. Savitri anamfuata Yama, mungu wa mauti, aliyekuja kuchukua roho ya mumewe, na anamshinda kwa maneno matupu: Yama anampa baraka ya wana mia bila kufikiri watazaliwaje ikiwa mume amekufa. Ekalavya, kijana wa watu wa msituni, anajifunza upinde mbele ya sanamu ya mwalimu aliyemkataa, na mwalimu huyo anakuja kudai kidole gumba chake kuwa ada. Mvulana Nachiketa anasubiri mlangoni kwa Yama siku tatu bila chakula ili aulize kinachomfika mtu baada ya kufa.

Mimi nitatumia kisa kimoja hadi mwisho wa mwongozo huu, cha Hidimba. Wapandava, ndugu watano, wamenusurika nyumba iliyojengwa ili wachomwe ndani yake, nao wamelala msituni na mama yao Kunti. Hidimba ni rakshasi, wa kabila la viumbe walao watu. Kaka yake anamtuma akawalete wawe kitoweo. Anapomwona Bhima, aliyekesha akiwalinda wenzake, anampenda. Bhima anamuua kaka, na ndoa inaafikiwa kwa sharti: Bhima atakaa na Hidimba mchana, usiku arudishwe kwa nduguze, na mambo yaishe pindi mtoto akizaliwa. Anazaliwa Ghatotkacha, anakua siku hiyo hiyo, anamwahidi baba yake kwamba akihitajiwa atakuja. Wapandava wanaondoka. Hidimba anabaki msituni, na Mahabharata haina haja naye tena.

Miaka mingi baadaye, usiku wa siku ya 14 ya vita vya Kurukshetra, Ghatotkacha anaitwa. Analiangamiza jeshi la Wakaurava, binamu wanaopigana na Wapandava, hadi shujaa wao Karna analazimika kumrushia mkuki aliopewa na Indra, mfalme wa miungu, silaha ya kutumika mara moja tu, aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya Arjuna, mmoja wa Wapandava. Ghatotkacha anakufa. Wapandava wanalia, lakini Krishna anashangilia, kwa sababu mkuki umekwisha na Arjuna amepona.

Hatua ya 2: Soma matoleo kadhaa, tena kwa daftari

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo usiharakishe. Mambo mengi ambayo kila mtu anadhani yamo katika vitabu vya kale hayamo. Ule mstari ambao Lakshmana, mdogo wake Rama shujaa wa Ramayana, anamchorea Sita, mke wa Rama, ardhini na kumkataza kuuvuka haumo kwa Valmiki. Wala hamna bibi Shabari akionja matunda kabla ya kumpa Rama. Ahalya, mke aliyelaaniwa kwa kulala na Indra aliyejigeuza mumewe, kwa Valmiki hageuki jiwe: anaishi bila kuonekana, akilala majivuni na kula hewa. Na zaidi ya hilo, Valmiki anasema alimtambua Indra na akakubali kwa kutaka kujua. Matoleo ya baadaye yalimfanya jiwe, na mengine yakamfanya aliyedanganywa kabisa. Kila badiliko ni uamuzi wa mtu fulani aliyekuwa na lake la kusema.

Ukivuka mipaka ya toleo moja utashangaa zaidi. Kamban aliisimulia Ramayana kwa Kitamil katika karne ya 12. Tulsidas alianza yake kwa Kiawadhi mwaka 1574. Thailand wana ya kwao. Katika toleo la Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, lililotungwa na Vimalasuri, Ravana, mfalme aliyemteka Sita, hana vichwa kumi: ana mkufu wenye vito vinavyoakisi uso wake mara tisa. Anayemuua ni Lakshmana, kwa kuwa Rama wa Wajaini hapaswi kumwaga damu.

Kwa vitendo: chora safu tatu katika daftari. Ya kwanza, unachokikumbuka au ulichokiona katika tamthilia na katuni. Ya pili, kilichoandikwa katika maandishi ya Kisanskriti. Ya tatu, toleo lolote la eneo au dini nyingine. Kwa Mahabharata, tafsiri ya Kiingereza ya K. M. Ganguli ya miaka 1883 hadi 1896 inapatikana bure mtandaoni. Lugha yake ni nzito lakini haijapunguza kitu. Kuna pia toleo la uhakiki lililoandaliwa na taasisi ya Bhandarkar mjini Pune kati ya 1919 na 1966 kwa kulinganisha miswada mingi, na tafsiri ya Bibek Debroy katika majuzuu 10 inalifuata hilo. Ukipata tofauti kati ya safu, iwekee alama. Tofauti hizo ndizo mali yako.

Kwa Hidimba, safu ya tatu yangu ina mambo mawili matamu. Bhasa, mtunzi wa tamthilia aliyemtangulia mshairi mashuhuri wa Kisanskriti Kalidasa, alimrudisha jukwaani: Ghatotkacha ametumwa na mama yake kumtafuta binadamu wa kuliwa, anakutana na Bhima bila kumjua kuwa ni baba yake, na mwishowe mume na mke wanaonana tena. La pili ni Manali, katika milima ya Himachal Pradesh, ambako Hidimba anaabudiwa. Hekalu lake la mbao lilijengwa mwaka 1553. Mwanamke ambaye epiki ilimwacha msituni, watu wa huko walimfanya mungu wao.

Hatua ya 3: Tafuta swali, si wazo

"Ramayana angani" ni wazo, na linaisha utamu ukurasa wa tatu. Swali ni kitu kingine.

Tazama alivyofanya Kalidasa kwa Shakuntala. Katika Mahabharata, mfalme Dushyanta anamwoa Shakuntala msituni, anaondoka, na miaka baadaye mwanamke anakuja ikuluni na mtoto. Mfalme anamkumbuka vizuri, ila anamkana mbele ya watu. Shakuntala anamjibu kwa ukali hadharani, mpaka sauti ya mbinguni inathibitisha kwamba mtoto ni wake. Bila shaka Kalidasa alijiuliza: mfalme wa namna hii, hadhira itampendaje? Akaongeza jambo moja, laana ya Durvasas, mtawa mwenye hasira, inayomfutia mfalme kumbukumbu hadi aione pete yake. Pete inapotea mtoni, inamezwa na samaki, inapatikana kwa mvuvi. Kwa badiliko hilo moja, hatia yote imehama kutoka kwa mfalme kwenda kwa laana, na kisa cha mwanamke anayedai haki kimekuwa kisa cha wapenzi waliopotezana. Binafsi namtaka Shakuntala wa kwanza, yule mkali. Ila ufundi wa Kalidasa haukataliki: hakubadilisha mandhari wala zama.

Sasa Hidimba. Swali lilisimama lenyewe: nani alimpelekea habari za msiba? Mahabharata haisemi. Niliandika majibu kadhaa. Bhima mwenyewe? Inawezekana, lakini tunajua atakachosema. Mjumbe asiye na jina? Dhaifu. Kisha likaja jina la Kunti, na hapo mambo yakafunguka, kwa sababu Karna aliyemuua Ghatotkacha ni mtoto wa Kunti. Alimzaa kwa mungu Jua kabla hajaolewa na akamwachia mto umchukue. Usiku ule wa siku ya 14, wanawe watano bado hawajui. Kwa hiyo mwanawe wa siri amemuua mjukuu wake.

Kuna zaidi. Kabla ya vita Kunti alimwendea Karna kando ya mto Ganga akamfunulia siri. Karna alikataa kuhama upande, lakini akaahidi kutomuua yeyote kati ya wanawe isipokuwa Arjuna. Kunti akaondoka na ahadi hiyo. Wajukuu hakuwaombea.

Badiliko langu, basi, ni hilo moja: Kunti ndiye anayekwenda msituni. Mengine yote yabaki kama yalivyo.

Hatua ya 4: Amua sauti ni ya nani

Mbinu iliyozoeleka ni kumpa neno aliyenyimwa. Michael Madhusudan Dutt aliandika kwa Kibengali mwaka 1861 shairi refu ambalo shujaa wake ni Meghnad, mwana wa Ravana. Bhasa alimwonea huruma Duryodhana, mkuu wa Wakaurava, anayekufa akiwa amevunjwa mapaja. Wanawake wa Kitelugu wana nyimbo kuhusu Urmila, mke wa Lakshmana aliyeachwa nyumbani miaka 14, na katika nyimbo hizo hupitisha miaka yote hiyo usingizini.

Tahadhari moja, kwa kuwa siku hizi imekuwa ugonjwa: usimsafishe mhusika ili umpende. Karna ndiye anayependwa zaidi na waandishi wapya, na kweli alidhulumiwa. Lakini ni Karna huyo huyo aliyetoa amri Draupadi, mke wa Wapandava, avuliwe nguo mbele ya wanaume. Karna asiye na siku ile si Karna, ni mwanasesere. Hidimba wangu naye anakula watu. Sitalificha hilo, nitaliweka mapema, msomaji alizoee, kisha ashangae anapoanza kumhurumia.

Jaribu sauti kwa aya moja kabla ya kupanga msuko. Yangu ilianza hivi:

*Waliponihitaji walikuwa wakiijua njia. Mlima ulipowashinda, mwanangu alimbeba Draupadi begani hadi juu akimwita mama, kama nilivyomfunza. Usiku ule ardhi ilitikisika nikajua ni yeye, maana hakuna mwingine ambaye anguko lake lingefika huku. Alfajiri akatokea ajuza mmoja peke yake, bila mlinzi. Njaa ilikuwa imenishika. Nilimtambua kabla sijamrukia.*

Suala la kumbeba Draupadi limo katika Mahabharata yenyewe. Ukiweza kuchukua jambo la kweli la kitabuni na kulitazama kutoka upande mwingine, usitunge lako.

Hatua ya 5: Heshimu sheria za ulimwengu huo

Katika visa hivi, neno likishatamkwa halirudi. Baraka, laana na kiapo hufanya kazi kama mkataba: kila neno linahesabiwa, na kila lililosahauliwa ni mwanya. Mfalme Hiranyakashipu aliomba asiuawe na mtu wala mnyama, ndani wala nje, mchana wala usiku. Mungu Vishnu akaja kama nusu mtu nusu simba, akamuua kizingitini, magharibi. Ravana aliomba kinga dhidi ya miungu na viumbe wengine wote, akawadharau binadamu. Mauti yake yakatoka huko.

Ukivunja sheria hii, kwa mfano laana ikaondoka kwa machozi ya toba, wasomaji wanaovijua visa hivi watakuacha hapo hapo. Ukiitumia, inakuandikia msuko. Ahadi ya Karna kwa Kunti ni mkataba wenye mwanya, na Ghatotkacha alianguka ndani ya mwanya huo. Sikulazimika kubuni chochote.

Sheria ya pili: miisho mikubwa usiiguse. Karna lazima afe siku ya 17. Lakini ikiwa Kunti amemwambia Hidimba kila kitu baada ya usiku wa siku ya 14, basi Hidimba ana siku mbili kamili za kwenda kambini na kuwaambia Wapandava kwamba wanakaribia kumuua kaka yao mkubwa. Anao uwezo wa kuyaokoa maisha ya muuaji wa mwanawe, na kuwaepusha waliomtumia mwanawe na dhambi kubwa. Tunajua hakwenda. Kwa nini? Hadithi nzima ni jibu la swali hilo, nami sipaswi kulijibu kwa sentensi moja kinywani mwake.

Epiki inatoa hata mwisho. Vita vikiisha Kunti anaitoa siri wakati wa kuwamiminia maji wafu, na Yudhishthira, mkubwa wa wale ndugu watano, kwa uchungu anawalaani wanawake wote wasiweze tena kutunza siri. Hebu fikiri laana hiyo inavyomfikia Hidimba kule msituni.

Hatua ya 6: Chagua umbo

Hadithi fupi, tamthilia ya redio, katuni, riwaya: vyote vinafaa. Kwa jukwaa, kumbuka kwamba Peter Brook alipoionyesha Mahabharata mjini Avignon mwaka 1985, onyesho la takriban saa tisa, Bhishma, mzee wa ukoo, aliigizwa na Sotigui Kouyaté, mzaliwa wa Mali kutoka ukoo wa wasimulizi wa jadi. Hakuna sura inayokatazwa kubeba visa hivi.

Lakini sisi tuna umbo ambalo waandishi wa Kiswahili wanalipuuza bila sababu. Ubeti wa kawaida wa epiki za Kisanskriti, shloka, una vipande vinne vya mizani nane, jumla 32. Ubeti wa utenzi, uliobeba Utendi wa Tambuka tangu 1728, una vipande vinne vya mizani nane, jumla 32. Tofauti kubwa ni kwamba shloka haina vina. Hutegemea mpangilio wa silabi ndefu na fupi. Kwa hiyo unaweza kuhamisha ubeti kwa ubeti bila kubana wala kujaza maji.

Chukua ukumbi wa kamari. Yudhishthira amejiweka dau mwenyewe akaliwa, kisha akamweka mkewe Draupadi, akaliwa tena. Mjumbe anakwenda kumchukua, naye anamrudisha na swali la kisheria ambalo hata Bhishma alishindwa kulijibu sawasawa:

*Nenda ukumbini, nenda,*
*muulize alotenda:*
*alianza nani kwenda,*
*ni yeye ama ni mimi?*

*Ikiwa katangulia*
*utumwani kuingia,*
*haki ipi yasalia*
*hata aniweke mimi?*

Hesabu mizani kwa vidole, soma kwa sauti, ukatae neno lolote lililoingia kwa ajili ya kina tu. Ukiandika nathari, azima mbinu nyingine ya Mahabharata: masimulizi ndani ya masimulizi. Epiki yote inasimuliwa mbele ya mfalme Janamejaya katika kafara ya nyoka, na hiyo nayo inasimuliwa tena kwa watawa katika msitu wa Naimisha. Ni ruhusa ya kumwacha msimulizi akatizwe, aulizwe, hata apingwe.

Hatua ya 7: Majina

Fupi tu. Acha majina kama yalivyo na usitumie zaidi ya manane katika hadithi fupi; Arjuna peke yake ana majina zaidi ya kumi, chagua moja. Usiwafanye asura, mahasimu wa miungu, kuwa mashetani, kwa kuwa wao na miungu ni watoto wa baba mmoja, Kashyapa, na ugomvi wao ni wa ndugu. Neno dharma, linalogusa haki na wajibu, liache bila kulitafsiri, matendo yalieleze.

Hatua ya 8: Wape wenyewe wasome

Hivi si visasili vya dini iliyokufa. Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar kuna mahekalu ambamo majina haya yanatajwa kila siku, na msomaji wako Mhindu anaweza kuwa mtu aliyezaliwa mtaa mmoja na wewe. Draupadi ni mungu katika sehemu za Tamil Nadu, ambako waumini hukanyaga makaa ya moto kwa heshima yake. Hata India kwenyewe jambo hili linachoma: mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Delhi kiliiondoa katika mtaala insha ya A. K. Ramanujan kuhusu wingi wa Ramayana, baada ya malalamiko ya muda mrefu.

Hiyo haimaanishi uandike kwa woga. Kumhoji Rama kwa sababu ya Sita ni jambo la kale. Washairi wa India wamelifanya karne nyingi. Kumfanya kichekesho ni jambo jingine, na mara nyingi ni uvivu. Mpe mswada msomaji mmoja aliyekulia ndani ya visa hivi na mmoja asiyejua hata jina la Krishna. Wa kwanza muulize ni wapi alihisi hukusoma vya kutosha. Wa pili muulize ni wapi alipotea, kisha mwambie akusimulie hadithi yako kwa mdomo. Akisahau tukio zima, lifute.

Kuhusu haki: maandishi ya kale ni ya wote, na tafsiri ya Ganguli iko huru. Tafsiri za sasa, katuni na tamthilia za televisheni zina wenyewe, kwa hiyo sentensi zao, michoro yao na mambo waliyoyabuni wao usiyachukue. Hapo ndipo ile safu ya kwanza ya daftari inapokuokoa, kwani unakidhania cha kale kumbe kilibuniwa na mwandishi wa tamthilia fulani. Pitia rasimu ya mwisho ukiwa na daftari pembeni, na kila tukio lililo katika safu ya kwanza peke yake litoe, au litungie lako.